Ukuta Uliokunywa Maji

Inspekta Ritha Komba alinunua chupa mbili kubwa za maji kwa mmachinga wa Mtaa wa Mchikichi, akafungua ya kwanza, na badala ya kunywa akaumwagia ukuta.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, katikati ya masika, na Kariakoo ilikuwa imeshachangamka. Watu waliokuwa wakipita na marobota kichwani walipunguza mwendo ili wamtazame. Mwanamke mmoja muuza soksi akanong'ona kwamba maji ya kunywa yana bei siku hizi, ukuta nao una kiu gani. Koplo Hafidhi, aliyekuwa amemshikia Ritha mkoba, akawaomba watu wasogee.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa upande wa kusini wa ghorofa la orofa tatu. Marehemu Mzee Lyimo alilijenga miaka mingi baada ya kushuka kutoka Kilimanjaro na kuanza na duka moja la misumari, na alipofariki akamwachia binti yake wa pekee, Blandina. Chini kulikuwa na fremu nne za maduka. Tatu zilikuwa wazi. Ya nne ilikuwa imezungushiwa utepe wa polisi, na ndani yake kanga bado zilining'inia, zimeanza kuota ukungu. Hapo ndipo Mzee Uledi wa Magomeni, aliyeuza kanga kwenye fremu hiyo kwa miaka thelathini, aliposhika grili ya mlango Jumanne ya wiki iliyopita ili afungue duka, na roho yake ikatoka palepale kabla kufuli halijafunguka.

Fundi umeme aliyeitwa na polisi alieleza sababu kwa maneno machache. Ukuta ulikuwa umelowa mpaka ndani. Maji yalifika kwenye kiungio cha waya uliopita kwenye plasta, umeme ukatembea na unyevu mpaka kwenye chuma.

Lakini ukuta huo haukutakiwa kulowa. Miezi minane nyuma Blandina alikuwa amemweka fundi Augustino Mapunda aupake dawa ya kuzuia maji, ile ya kisasa ambayo haikai juu kama rangi bali inapenya ndani ya tofali na zege. Basi mtaa ulishatoa hukumu yake: Augustino kachakachua dawa, mzee wa watu kafa. Fundi alikuwa mahabusu kwa siku ya saba. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

Ritha alimwaga maji kwenye kipande cha kwanza cha ukuta, usawa wa duka la viatu. Maji hayakuingia. Yalijikusanya matone, yakateremka mbio mpaka chini, na ukuta ukabaki mkavu kama haujaguswa. Akasogea hatua saba, kwenye kipande cha pili. Ikawa vilevile. Akasogea tena mpaka usawa wa duka la Mzee Uledi, akafungua chupa ya pili. Hapo ukuta uliyanywa maji yote. Doa jeusi likatanuka mbele ya macho yao.

"Lete chaki," alisema.

Hafidhi akampa. Ritha akawa anadondosha maji kidogo kidogo kutafuta mahali ambapo ukuta unaacha kukataa maji na kuanza kuyanywa, na kila alipopapata akaweka alama. Alipomaliza, alama zile zilikuwa zimepanga mstari mmoja ulionyooka, kutoka usawa wa kichwa chake mpaka chini.

Akamweleza Hafidhi alichokiona. Fundi anayechakachua dawa huichanganya yote tangu mwanzo ili ipatikane nyingi. Huyu theluthi mbili za ukuta wake zilikuwa nzima kabisa, na theluthi ya mwisho haikuwa na kitu. Haikuwa dawa hafifu. Haikuwapo kabisa.

Mwanamume mnene kiasi, shati limechomekwa vizuri, alikuwa ametoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa fremu ya kwanza. Huyo alikuwa Wilbert Temu, mume wa Blandina. Alisalimia kwa heshima, akauliza kama kuna jipya. Ritha akamjibu kwamba anarudia tu vipimo.

"Mke wangu alimwamini mno yule fundi," Wilbert alisema. "Mimi nilisema tangu mwanzo."

"Ulisema nini?"

"Kwamba fundi mwenye maneno mengi si fundi. Lakini ghorofa si langu, afande. Ghorofa ni la mke wangu, Mama Allan. Hapa mimi naitwa mume wa mwenye nyumba."

Alilisema kwa tabasamu, kama mzaha aliozoea kuutumia kwa wateja. Ritha akamwomba arudie maelezo aliyoyatoa siku ya kwanza, Hafidhi akaandika. Wilbert akaeleza kwamba madumu ya dawa yalikuwa sita, yalifungiwa kwenye kijistoo cha chini ya ngazi, na ufunguo wake ulitundikwa nyumbani kwao orofa ya juu. Yeye hakuwahi kuyagusa. Dawa ile ilikuwa na harufu kali, na ilipoletwa alikataa isilazwe kwake. Haikuingia dukani kwake wala kwenye stoo yake ya nyuma hata siku moja. Ufunguo wa stoo hiyo alikuwa nao yeye peke yake, kwa sababu aliwahi kuibiwa.

Alipokuwa akitia sahihi, Blandina akashuka ngazi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, kajitanda kanga ya msiba. Aliwasalimia polisi, kisha akauliza kama Augustino anapata chai huko alipo.

Wilbert alikuwa ameshageuka kumtazama mkewe kabla hajalimaliza jina lile. Kalamu ilisimama katikati ya sahihi. Ritha akaliona hilo, akajibu kwamba mahabusu wote wanapata chai.

*

Kituoni, Augustino aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu wa Mbinga, mrefu, mwenye viganja vilivyochubuka kwa saruji. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Mzee Uledi alizikwa vizuri. Ritha akamwambia ndiyo, akamsogezea daftari lake la kazi lililochukuliwa na polisi, akamtaka aeleze kila siku alifanya nini.

Augustino alieleza bila kuhangaika. Dawa ililetwa ikiwa kwenye madumu sita ya lita ishirini. Siku ya kwanza aliyafungua yote na kuyakoroga kama maelekezo yalivyotaka, akayaandika namba moja hadi sita kwa kalamu nene, akayafunika. Ukuta aliugawa vipande vitatu vya kusimama. Kila siku alimaliza kipande kimoja kutoka juu hadi chini, kwa madumu mawili. Siku ya tatu alitumia dumu la tano na la sita.

Ritha akamwambia kwamba kipande cha tatu kinakunywa maji kama tofali bichi.

Fundi aligeuza kurasa za daftari mpaka siku ya tatu. Kisha akauliza, "Na vile viwili?"

"Maji yanateleza."

"Basi yale mawili ya mwisho hayakuwa dawa," alisema. "Rangi, afande, ni koti. Likichanika unaona. Hii ni kama mafuta kwenye ngozi, inaingia, inapakaa kuta za vile vitundu vidogo ndani ya tofali, maji yakija yanakataliwa. Ukishaipaka, ukuta unabaki sura ileile. Ndiyo uzuri wake na ndiyo hatari yake. Kwa macho huwezi kujua nani kapaka na nani hakupaka."

Alikumbuka jambo moja. Siku ya tatu ukuta ulikauka haraka kuliko siku zilizotangulia, naye akadhani ni jua. Harufu haikumshtua, kwani dawa yenyewe huyeyushwa kwenye kitu kinachonuka kama tapentaini. Mtu akikuwekea tapentaini tupu kwenye dumu lilelile, pua haikusaidii. Alipaswa kumwaga maji ukutani baada ya siku chache ili aupime. Vipande viwili alivipima. Cha tatu hakukipima, maana alishaitwa kazi nyingine Kivukoni.

"Hapo kosa ni langu," alisema. "Andika."

Ritha aliandika. Akauliza nani mwingine alikuwa kazini. Augustino akamtaja Tarsis, fundi wa Buguruni. Tarsis ndiye aliyemfundisha kazi ya plasta na rangi miaka ishirini iliyopita, lakini safari hii alifanya kazi chini yake, kwa sababu dawa ya kupenya hakuijua. Madumu matupu aliyaomba Tarsis, akapewa.

"Na Mama Allan?" Ritha aliuliza. "Wanasema alikuwa anapanda jukwaa la mafundi kila siku."

Augustino aliinua macho.

"Alipanda. Aliniambia baba yake alimwachia ghorofa lakini hakuwahi kumweleza lolote juu yake, alikuwa akisema mambo ya ujenzi ni ya wanaume. Akataka kujua. Nikamwonyesha. Siku aliyomwaga maji mwenyewe na kuyaona yanakimbia, alicheka kama mtoto. Ni hivyo tu, afande. Sina lingine la kusema juu ya mama wa watu."

*

Tarsis alikuwa akiishi Buguruni, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo wa nyuma uliojaa ndoo za rangi zilizokauka. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Ritha alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuwapa viti kabla hajauliza wamefuata nini. Alipoambiwa, hakushtuka. Akawaongoza mpaka pembeni mwa uwanja, chini ya bati.

Madumu yote sita yalikuwepo, yamefungwa vizuri, namba zinaonekana. Juu ya ubao mbele yake kulikuwa na matofali sita yamepangwa mstari, na kila tofali limeandikwa namba.

Koplo Hafidhi alimtazama Ritha. Ritha akachota maji kwenye pipa, akayamwagia matofali moja baada ya jingine. La kwanza hadi la nne yaliyakataa. La tano na la sita yaliyanywa.

"Uliyafanya lini haya, mzee?"

Tarsis akajibu kwamba aliyafanya wiki ileile kazi ilipoisha. Kwenye kila dumu kulikuwa kumebaki masalia kidogo, naye akayapaka kwenye tofali lake. Alitaka kujua siri ya ile dawa. Ritha akamwacha aendelee, na yule mzee akaendelea polepole, mikono mapajani. Alieleza jinsi alivyomwokota Augustino kituo cha mabasi akiwa hajui hata kushika mwiko, akamlaza nyumbani kwake, akamfundisha. Kisha mwanafunzi akaenda semina ya siku tatu, akarudi na dawa ya kisasa, na wateja wote wa Kariakoo wakahamia kwake. Watu waliokuwa wakimwita Tarsis fundi mkuu wakaanza kumuuliza kama anaweza kuwaunganisha na Augustino.

"Kwa hiyo ulimwonea wivu," Ritha alisema.

"Nilimwonea wivu. Siwezi kukudanganya, mwanangu. Nilikuwa nikisikia jina lake, chakula kinanishinda."

"Ukabadilisha dawa."

"Hapana." Tarsis alionyesha ubao kwa kidevu. "Ningekuwa nimeibadilisha mimi, ningeipima ya nini? Nilipima kwa sababu sikujua. Nilipoona la tano na la sita yanakunywa maji, nikajua kipande cha tatu kiko uchi. Nikafikiri ni yeye kachakachua. Nikafurahi."

"Hukumwambia mtu."

"Nilikuwa nangoja mvua."

Nyumba ya jirani redio ilikuwa ikitangaza bei za vyakula.

"Nilitaka ukuta ulowe, rangi ya ndani ivimbe, watu waseme Augustino si lolote," Tarsis alisema. "Vuli ikapita na manyunyu tu. Masika ikaja. Sikujua kama kuna waya mle ndani. Mzee Uledi nilikuwa namfahamu. Alinipa kanga mbili za bure binti yangu alipoolewa." Alitazama chini. "Miezi minane, mwanangu. Neno moja tu lingetosha."

Ritha alimwambia kwamba atatakiwa kulirudia hilo kwa maandishi, na huenda pia mbele ya hakimu. Tarsis akasema atalirudia popote. Hafidhi akayafunga madumu na matofali kama vielelezo, na mzee akasaidia kuyabeba mpaka garini.

Ndani ya gari Hafidhi akasema kwamba yeye bado anamshuku Tarsis. Wivu anao, kakiri, na madumu yalikuwa kwake. Ritha akamjibu kwa hesabu nyingine. Aliyebadilisha alihitaji lita arobaini za tapentaini kwa mara moja, bila mtu kushangaa, na ufunguo wa chini ya ngazi. Tarsis hakuwa na kimojawapo. Tena kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu jalada lifunguliwe. Yule mtu, kabla hajajaza tapentaini, aliyamwaga madumu mawili ya dawa halisi.

"Lita arobaini za dawa," alisema. "Zilikwenda wapi?"

*

Walirudi Mtaa wa Mchikichi saa nane mchana, na mvua ikaanza walipokuwa wakiegesha gari. Ritha hakwenda mbele ya jengo. Alipitia uchochoro, akaingia uani, mahali ambapo ngazi za nyuma zilishukia na maduka yalikuwa na milango ya stoo. Sakafu ya ua ilikuwa ya zege kuukuu, na katikati kulikuwa na karo la maji machafu. Akasimama chini ya ngazi, mgongo kwenye mlango wa kijistoo kilichowekewa madumu, akatazama mvua ikinyesha.

Hafidhi alimuuliza wanangoja nini. Ritha akamwonyesha sakafu kwa kidole.

Sakafu ilianza kuwa na madoa, kisha madoa yakaungana, na baada ya dakika chache ua wote ulikuwa umegeuka rangi ya makaa. Wote isipokuwa sehemu moja. Pembeni mwa karo palibaki kipande cheupe chenye umbo la ulimi, kipana kama mkeka wa kuswalia. Maji yaliyoangukia pale yalisimama mviringo, yakitikisika kama umande juu ya jani la gimbi, kisha yakabingirika kuingia karoni. Kutoka kwenye ule ulimi ulitoka mchirizi mweupe, mwembamba, wa matone yaliyodondoka njiani. Ulikatiza ua, ukafika kwenye mlango wa stoo ya Wilbert Temu, ukapita chini ya mlango.

Hafidhi akapiga picha ishirini. Ritha akapima urefu wa mchirizi kwa hatua, akauandika, kisha akamtuma akamwite mwenye stoo aje na ufunguo.

Wilbert alikuja na mwavuli. Blandina alikuwa nyuma yake, kwani sauti ya polisi uani ilimfanya ashuke. Ritha alimwomba Wilbert afungue. Alifungua, huku akieleza kwamba mle ndani kuna mabomba na misumari tu. Nyuma ya mabomba kulikuwa na pipa la tapentaini lenye bomba dogo, la kuwauzia mafundi wa rangi kwa rejareja. Ritha akalitazama, akampa Hafidhi ndoo, naye akamwaga maji taratibu kuanzia kizingitini.

Sakafu ya stoo ikalowa yote. Karibu na lile pipa zikabaki duara mbili nyeupe, ukubwa wa kitako cha dumu, na kati yake matone matone.

"Asubuhi umetia sahihi kwamba dawa haikuingia humu," Ritha alisema.

"Labda yule fundi aliosha vyombo vyake."

"Ndani ya stoo ambayo ufunguo unao wewe peke yako?"

Wilbert akafunga mwavuli. Maji yalimtiririka kwenye mkono wa shati na hakuyajali. Ritha akamweleza haki yake ya kukaa kimya, na kwamba atakalosema litaandikwa. Akamwambia pia juu ya mstari wa chaki, madumu ya Buguruni, na matofali sita. Hakupandisha sauti. Alipofika kwenye ufunguo uliotundikwa nyumbani, Wilbert alikuwa hamtazami tena yeye. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Chai yangu," alisema, "mimi inaletwa na dada wa kazi. Miaka kumi na tisa. Ya fundi uliipeleka mwenyewe, umeshika sinia, unapanda lile jukwaa umejifunga kanga kiunoni. Mtaa mzima unakuangalia. Nilikuwa nakusikia unacheka kule juu. Nikasimama hapa chini najiuliza, mara ya mwisho mimi kumsikia huyu anacheka ilikuwa lini?"

Blandina aliikaza kanga mabegani.

"Nilitaka tu aaibike," Wilbert alimgeukia Ritha. "Andika hivyo. Nilitaka ukuta uvuje, huyu aone kwamba Augustino wake ni tapeli kama matapeli wengine. Nani alijua habari ya waya? Mimi sikumuua mtu."

"Ulipoona ukuta hauvuji wakati wa vuli?"

"Nilifikiri tapentaini nayo imefanya kazi." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikafikiri hata hilo kanishinda."

Hafidhi alimfunga pingu. Katika maduka ya mbele watu walishaanza kujua, na vichwa vikachungulia uchochoroni. Ritha alipomshika Wilbert mkono ili waende, Blandina akasogea, akasimama mbele yake kwenye mvua.

"Ulibeba jeneza lake," alisema. "Mzee Uledi. Ulivua viatu, ukaingia mstari wa mbele, ukabeba."

"Blandina, nakuuliza kitu kimoja."

"Mjane wake ulimshika mkono. Nilikuona."

"Kitu kimoja tu. Kulikuwa na kitu kati yako na yule fundi?"

Blandina alimtazama kama anayemtafuta mtu katika umati. Midomo yake ilifunguka, na Ritha akadhani atajibu. Badala yake aligeuka, akapanda ngazi moja moja mpaka juu, na mlango ukasikika ukifungwa.

*

Foleni ya kutoka Kariakoo mchana ule ilikuwa ndefu. Ritha alikaa mbele, akapiga simu kwa mkuu wa upelelezi, akamweleza kwa kifupi: mtuhumiwa amekiri mbele ya mashahidi, vielelezo vipo, na hoja ya kumshikilia fundi haipo tena. Mkuu aliuliza maswali mawili, akatoa ruhusa. Ritha akamwambia Hafidhi aandae karatasi za kumwachia Augustino mara watakapofika, na amtafutie viatu vyake.

Wilbert alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Gari lilipopata nafasi na kuanza kutembea, akainama mbele.

"Mnamwachia leo?"

"Leo," Ritha alisema.

"Saa ngapi?"

"Karatasi zikikamilika. Kama saa kumi na moja."

Wilbert alitikisa kichwa polepole. Alitazama nje, mitaa ikipita, na pingu zikagongana mapajani mwake.

"Na Blandina," aliuliza, "mmeshamwambia hiyo saa?"

Ritha hakugeuka. Alifungua jalada magotini, akaandika tarehe, akaanza maelezo ya mtuhumiwa kwa swali hilo.